Ukavu Uliotengenezwa: Historia ya Mvinyo Mweupe wa Mchanganyiko wa Bordeaux na Vyakula Unavyoandamana Navyo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mvinyo mweupe mkavu wa Bordeaux, Ufaransa, ulivyopata sifa zake na namna ulivyounganishwa na vyakula ambavyo leo huhesabiwa kuwa wenzi wake wa asili. Hoja yetu ni kwamba ukavu wa mvinyo huo, mchanganyiko wa zabibu zake na desturi ya kuunywa pamoja na chaza vilijengwa hatua kwa hatua na wafanyabiashara, watunga sheria, watafiti na wazalishaji jirani, hasa kati ya mwaka 1855 na miaka ya 1990. Jina la mahali lilibaki lile lile ilhali kilichomo ndani yake kilibadilika zaidi ya mara moja. Historia hii inawahusu washauri wa sera wa ukanda wa Maziwa Makuu na Afrika Mashariki, kwa kuwa kanuni za kimataifa za kulinda majina ya kijiografia zimebeba alama ya biashara ya mvinyo.

Maneno muhimu: mvinyo mweupe mkavu, Bordeaux, viashiria vya kijiografia, uoanishaji wa vyakula, historia ya kilimo

1. Utangulizi

Katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, kahawa chungu huandamana na kashata au halua. Wanywaji huuona uoano huo kuwa wa tangu na tangu, na ni nadra mtu kuuliza nani aliyevikutanisha vitu hivyo, lini, na kwa faida ya nani. Mazoea yakishakomaa hujifanya maumbile. Kazi ya mwanahistoria ni kurudi nyuma hadi pale ambapo mazoea hayo yalikuwa bado uamuzi wa watu.

Makala haya yanafanya kazi hiyo kwa kisa kimoja, yaani mvinyo mweupe mkavu wa mchanganyiko unaozalishwa Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Kisa hiki kimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mvinyo huo huelezwa mara nyingi kama tunda la moja kwa moja la ardhi na hali ya hewa, ingawa kumbukumbu za sheria, biashara na maabara zinaeleza habari yenye wahusika wengi zaidi. Pili, eneo hilo lilichangia sana kuunda utaratibu wa kulinda jina la mahali kama mali ya wazalishaji wake. Utaratibu huo umekwisha kufika katika meza za watunga sera wetu, wanaotafakari namna ya kulinda kahawa, karafuu, asali na mazao mengine.

Makala yana sehemu sita baada ya utangulizi huu: sifa za mchanganyiko, biashara kabla ya sheria, kuzaliwa kwa jina linalolindwa, kuhama kutoka utamu hadi ukavu, historia ya vyakula vinavyoandamana na mvinyo huo, na mwisho mafunzo kwa ukanda wetu pamoja na hitimisho.

2. Sifa za mchanganyiko na maana ya ukavu

Neno “mkavu” linahitaji ufafanuzi, kwani kinywaji chochote ni maji. Katika istilahi ya mvinyo, ukavu ni ukosefu wa utamu. Hamira inapoigeuza karibu sukari yote ya zabibu kuwa alkoholi, mvinyo huitwa mkavu; uchachushaji ukikoma mapema, sukari hubaki na mvinyo huwa mtamu. Sheria za Umoja wa Ulaya zimeweka kipimo: mvinyo mkavu hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita, na kiwango hicho kinaweza kufika gramu 9 ikiwa asidi iliyomo haipungui sukari kwa zaidi ya gramu 2 kwa lita. Kwa hiyo hata ukavu wenyewe umefafanuliwa kisheria, na sheria imekubali kwamba ulimi hauhisi sukari peke yake, bali huipima dhidi ya uchachu.

Mchanganyiko wa kawaida wa Bordeaux hutokana na aina mbili kuu za zabibu. Ya kwanza, Sauvignon Blanc, huleta uchachu mkali na harufu za majani mabichi, balungi na pasheni. Ya pili, Sémillon, ina uchachu wa wastani, lakini huupa mvinyo uzito na ulaini mdomoni. Mvinyo wake ukikaa chupani miaka mingi hutoa harufu inayokaribia nta na asali, hata kama hauna sukari. Aina ya tatu, Muscadelle, huongezwa kwa kiasi kidogo kwa ajili ya harufu yake ya maua, nayo haipandwi sana kwa kuwa huugua upesi.

Mantiki ya kuchanganya ni mbili. Ya kwanza ni ya ladha: udhaifu wa zabibu moja hufunikwa na nguvu ya nyingine. Ya pili ni ya kilimo. Gironde iko jirani na bahari ya Atlantiki, na mvua yake haitabiriki. Mkulima mwenye aina zaidi ya moja hapotezi vyote kwa msimu mmoja mbaya, kama ambavyo mkulima wa kwetu hachanganyi mahindi na maharage shambani kwa sababu ya kitoweo peke yake.

Ndani ya mchanganyiko huo pana tofauti za ngazi. Mvinyo wa Entre-Deux-Mers, eneo lililo kati ya mito Garonne na Dordogne, kwa kawaida huchachushwa katika matangi ya chuma na kunywewa ukiwa bado mchanga. Mvinyo wa Pessac-Léognan, kusini mwa jiji la Bordeaux, aghalabu huchachushwa au kukomazwa katika mapipa ya mwaloni, huwa mzito zaidi, na huweza kuhifadhiwa miaka mingi. Zabibu ni zile zile. Bei na heshima hutofautiana mno.

3. Biashara kabla ya sheria

Umaarufu wa Bordeaux ulitangulia mvinyo mweupe mkavu kwa karne nyingi. Mwaka 1152 Eleanor wa Aquitaine aliolewa na Henry Plantagenet, ambaye mwaka 1154 alikuwa mfalme wa Uingereza. Kuanzia hapo hadi mwaka 1453, eneo hilo lilikuwa chini ya taji la Kiingereza, na bandari ya Bordeaux ilisafirisha mvinyo mwingi kwenda kaskazini. Kilichotakiwa hasa na soko hilo kilikuwa mvinyo mwekundu hafifu.

Mvinyo mweupe ulipata nguvu mpya katika karne ya 17, walipokuja wafanyabiashara wa Kiholanzi. Hao walitaka vitu viwili: mvinyo mweupe wa bei nafuu wa kukenekwa uwe pombe kali, na mvinyo mweupe mtamu kwa wanywaji wa nchi zao za baridi. Walieneza pia desturi ya kuchoma tambi za salfa ndani ya mapipa ili mvinyo usiharibike safarini. Soko hilo liliwaelekeza wakulima wa kusini mwa Gironde kwenye utamu. Sémillon iliwafaa kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na hushambuliwa kirahisi na fangasi Botrytis cinerea, ambao katika hali ya hewa inayofaa hukausha tunda na kulimbikiza sukari yake.

Jambo hili lina uzito katika hoja yetu. Zabibu ambayo leo husifiwa kwa kuupa mvinyo mkavu umbo na uzito ilistawi Bordeaux kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya mahitaji ya mvinyo mtamu. Mchanganyiko wa leo umerithi uamuzi wa soko lililotaka kitu kingine kabisa.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni orodha ya mwaka 1855, iliyoandaliwa na madalali wa Bordeaux kwa ajili ya Maonyesho ya Kimataifa ya Paris wakati wa utawala wa Napoleon III. Orodha hiyo ilipanga kwa madaraja mvinyo mwekundu wa Médoc, pamoja na shamba moja la Graves, Haut-Brion, na mvinyo mweupe mtamu wa Sauternes na Barsac. Mvinyo mweupe mkavu haukupewa nafasi hata moja. Madalali hao walikuwa wakirekodi bei za soko, na katika soko hilo ukavu haukuwa na thamani ya kuorodheshwa.

4. Maradhi, udanganyifu na kuzaliwa kwa jina linalolindwa

Nusu ya pili ya karne ya 19 ilileta majanga yaliyobadili kila kitu. Mdudu filoksera kutoka Amerika Kaskazini alishambulia mizizi ya mizabibu, na dawa ya kudumu ikawa kuunga vikonyo vya mizabibu ya Ulaya kwenye mashina ya Kimarekani. Baadaye ikaja ukungu wa majani. Mwaka 1885 Alexis Millardet, profesa wa botania wa Bordeaux, alitangaza matokeo ya kunyunyizia mchanganyiko wa mrututu na chokaa. Dawa hiyo, iliyopewa jina la Bordeaux, ilienea duniani. Wakulima wa kahawa wa ukanda wetu nao wanazifahamu dawa za jamii hiyo ya shaba. Kwa njia hiyo, jina la Bordeaux lilifika katika mashamba mengi ya nchi za joto likiwa kwenye bomba la dawa kabla ya kufika likiwa kwenye chupa.

Upungufu wa mvinyo ulizaa udanganyifu. Mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu kavu, au ulioletwa kutoka mbali, uliuzwa kwa majina yenye sifa. Sheria ya tarehe 1 Agosti 1905 ilijibu kwa kuharamisha udanganyifu wa bidhaa, ukiwemo wa asili yake. Ndipo likazuka swali gumu: Bordeaux inaishia wapi?

Amri ya mwaka 1911 ilijibu kwamba jina hilo ni la mkoa wa Gironde pekee. Jibu hilo lilikuwa na washindi na washinde. Wakulima wa bonde la juu la Dordogne, katika eneo la Bergerac, walikuwa wakipanda zabibu zile zile, Sauvignon Blanc, Sémillon na Muscadelle, na kwa karne nyingi mvinyo wao ulishuka mtoni na kusafirishwa kupitia bandari ya Bordeaux. Mstari wa kiutawala ukawaacha nje. Udongo na hali ya hewa havikubadilika pale mpakani. Kilichobadilika ni haki ya kutumia neno moja kwenye lebo. Bergerac ilipata jina lake lenye ulinzi mwaka 1936, lakini jina hilo halikuwa na historia ya soko iliyolingana na ya jirani yake.

Sheria ya mwaka 1919 iliziachia mahakama kazi ya kuamua asili, ila haikudhibiti ubora: mtu aliyekuwa ndani ya mpaka aliweza kupanda zabibu yoyote na kutumia jina. Joseph Capus, mwanasiasa wa Gironde aliyekuwa na elimu ya kilimo, aliipinga kasoro hiyo kwa miaka mingi. Jitihada zake zilichangia sheria ya mwaka 1927, iliyozingatia aina za zabibu na maeneo yanayofaa, na hatimaye amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 30 Julai 1935, iliyoanzisha utaratibu wa jina la asili linalodhibitiwa pamoja na kamati ya kitaifa ya kuusimamia. Graves na Entre-Deux-Mers zilipata hadhi hiyo mwaka 1937. Kuanzia hapo jina lilidai mambo mawili kwa pamoja: mahali na namna ya kuzalisha.

5. Kutoka utamu hadi ukavu

Ingedhaniwa kwamba sheria ya mwaka 1935 ndiyo iliyozaa mvinyo mkavu tunaoufahamu. Haikuwa hivyo. Katikati ya karne ya 20 sehemu kubwa ya mvinyo mweupe wa Bordeaux ilikuwa na utamu kiasi na salfa nyingi, nayo salfa ilitumika kuzuia sukari iliyobaki isichachuke upya. Mizabibu myeupe ilikuwa zaidi ya nusu ya mashamba ya Gironde katika miaka ya 1950. Baridi kali ya Februari 1956 iliua mizabibu mingi, na katika miongo iliyofuata upandaji mpya ulielemea upande wa zabibu nyekundu zilizokuwa na soko zuri zaidi. Leo mizabibu myeupe ni karibu moja ya kumi tu. Kwa maneno mengine, mvinyo mweupe mkavu ulipata heshima katika kipindi kile kile eneo lake lilipokuwa likisinyaa.

Heshima hiyo ilijengwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni ya kitaasisi. Orodha ya madaraja ya Graves, iliyokamilishwa mwaka 1959, ilitambua mvinyo mwekundu na mweupe mkavu, na hivyo kuziba pengo lililoachwa mwaka 1855. Mwaka 1987 sehemu ya kaskazini ya Graves ilijitenga kwa jina la Pessac-Léognan. Masharti yake kwa mvinyo mweupe yanataka angalau robo iwe Sauvignon Blanc.

Nguvu ya pili ni ya maabara. Émile Peynaud (1912–2004), wa Chuo Kikuu cha Bordeaux, aliwahimiza wazalishaji kuvuna zabibu zilizoiva na nzima, kusafisha vyombo na kudhibiti joto la uchachushaji. Mambo haya yanaonekana ya kawaida leo, lakini bila kudhibiti joto ni vigumu kuumaliza uchachushaji wa sukari pasipo kuipoteza harufu, na bila usafi salfa nyingi haiepukiki. Denis Dubourdieu (1949–2016), mkulima na profesa, aliendeleza kazi hiyo kwa kuchunguza muda wa kuloweka maganda ndani ya maji ya zabibu kabla ya kuchachusha, na faida ya kuuacha mvinyo juu ya masimbi ya hamira.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Bordeaux, akiwemo Takatoshi Tominaga, walibainisha kemikali zenye salfa zinazotoa harufu ya majani, balungi na pasheni katika Sauvignon Blanc. Waligundua kwamba ndani ya tunda kemikali hizo zimefungwa na hazinuki. Hamira ndiyo huzifungua wakati wa uchachushaji. Ugunduzi huo una maana ya kihistoria pia. Harufu inayochukuliwa kuwa sauti ya ardhi haipo katika zabibu inayochumwa. Hujitokeza kiwandani, na kiasi chake hutegemea hamira, joto na uamuzi wa mtengenezaji. Tena, ilithibitika kwamba shaba inayobaki kwenye zabibu hupunguza harufu hizo. Mrututu uliowaokoa wakulima mwaka 1885 ukawa, karne moja baadaye, kitu cha kutumiwa kwa tahadhari karibu na mavuno.

6. Mezani: historia ya uoano

Baada ya kuona kwamba mvinyo wenyewe ni mpya kuliko sifa zake, tugeukie vyakula. Uoano unaotajwa zaidi ni wa mvinyo mweupe wa Graves au Entre-Deux-Mers na chaza wa ghuba ya Arcachon, iliyo magharibi mwa jiji la Bordeaux. Huko chaza huliwa wabichi, na mara nyingi pembeni huwekwa soseji ndogo za moto, ili baridi ya bahari na mafuta ya nyama vipokezane mdomoni.

Maelezo ya kisayansi ya uoano huo yanakubalika. Uchachu wa Sauvignon Blanc huchochea mate na kukata mafuta ya soseji, kama ndimu inavyofanya juu ya samaki wa kukaanga. Chumvi ya chaza hupunguza hisia ya uchungu na kuufanya mvinyo uonekane laini. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2009 ulionesha kuwa madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo ndiyo huleta shombo mdomoni mtu anapokula vyakula vya baharini. Mvinyo mwekundu una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na madini hayo kwa wingi. Mvinyo uliokaa katika mwaloni na wenye Sémillon nyingi hufaa zaidi samaki wa mchuzi mzito, kuku au kamba, kwa kuwa uzito hukutana na uzito. Asparaga za Blaye na jibini ya maziwa ya mbuzi huupenda mvinyo mchanga wenye harufu ya majani.

Hata hivyo, kemia inaeleza kwa nini uoano unafanya kazi. Haielezi kwa nini ulitokea. Chaza huharibika upesi, na kwa muda mrefu umbali uliwatenga na wanywaji wengi wa mjini. Reli kutoka Bordeaux hadi La Teste ilifunguliwa mwaka 1841, ikafika Arcachon mwaka 1857. Ufugaji wa chaza kwa utaratibu ulianza katika miaka hiyo hiyo kwa msukumo wa mtaalamu Victor Coste na uungaji mkono wa Napoleon III. Reli na ufugaji ndivyo vilivyomleta chaza kwa wingi kwenye meza ya mji wa mvinyo.

Chaza mwenyewe pia hakubaki yule yule. Aliyekuwepo kwanza ni chaza bapa wa asili. Mwaka 1868 meli iitwayo Morlaisien, iliyobeba chaza wa Kireno, ilimwaga shehena yake katika mlango wa mto Gironde ikidhani imekwisha haribika. Chaza hao waliishi, wakaenea, na hatimaye wakachukua nafasi kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maradhi yaliwaangamiza, wakaletwa chaza wa Kijapani ambao ndio wanaofugwa sasa. Baada ya hapo rangi za kuzuia viumbe kuganda kwenye mashua, zenye kemikali ya TBT, zilivuruga uzazi na magamba yao, hadi Ufaransa ilipopiga marufuku matumizi yake kwa mashua ndogo mwaka 1982.

Tukiweka historia hizi mbili pamoja, picha inabadilika. Mvinyo ulihama kutoka utamu kwenda ukavu. Chaza walibadilishwa spishi mara mbili. Wala watu hawakuacha kusema kwamba Arcachon na Graves ni wenzi wa kale. Kilichodumu ni majina mawili ya mahali na ujirani wao. Kilichoshikiliwa na majina hayo kilifanywa upya kila kizazi, wakati mwingine kwa dharura.

Upo pia uoano uliopotea. Shedi, samaki anayepanda mito kutoka baharini kutaga mayai, alikuwa akichomwa juu ya vijiti vya mizabibu wakati wa masika na kuliwa kwa mvinyo mweupe. Kupungua kwake kulisababisha uvuvi wake kusitishwa katika mabonde ya Garonne na Dordogne mwaka 2008. Hakuna jina linalolindwa lililoweza kumrudisha samaki huyo. Sheria ya mvinyo ilisimamia mzabibu hadi kiwango cha gramu; mto ulioleta kitoweo haukuwa katika mamlaka yake. Hapa ndipo hasara inapoonekana wazi: utamaduni wa mezani unaweza kufa kwa sababu ya nusu isiyoangaliwa.

7. Mafunzo kwa ukanda wetu

Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaosimamiwa na Shirika la Biashara Duniani, hulinda viashiria vya kijiografia kwa ngazi mbili. Ibara ya 22 hulinda bidhaa zote dhidi ya matumizi ya jina yanayompotosha mnunuzi. Ibara ya 23 inawapa mvinyo na pombe kali ulinzi wa juu zaidi: jina haliruhusiwi hata kama asili ya kweli imetajwa, au maneno kama “aina ya” na “mtindo wa” yameongezwa. Kahawa, chai na karafuu hazimo katika ngazi hiyo ya pili. Ukosefu huo wa usawa hauelezeki kwa sifa za mazao. Unaelezeka kwa historia ya nchi zilizokuja mezani na utaratibu uliokomaa tangu mwaka 1935 au kabla yake.

Nchi za ukanda wetu hazianzi sifuri. Rwanda iliweka masharti ya viashiria vya kijiografia katika sheria yake ya haki miliki ya mwaka 2009, na Uganda ikatunga sheria mahususi mwaka 2013. Nchi zenye maendeleo duni zina muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya TRIPS, na muda huo ni nafasi ya kujenga kwa mpango. Mizabibu ya Dodoma, Tanzania, inayovunwa mara mbili kwa mwaka na inayojumuisha zabibu nyeupe za Chenin Blanc, ni mfano wa zao la mvinyo lililoko hapa hapa, ambalo kwa asili yake lingeangukia katika ngazi ya juu ya ulinzi.

Kisa cha Bordeaux kinatoa tahadhari nne kwa wanaoandaa sera hizo.

Kwanza, mpaka ni uamuzi wa kisiasa wenye washinde. Bergerac inatukumbusha kwamba mstari wa wilaya au wa nchi unaweza kumkata mkulima aliyekuwa sehemu ya sifa hiyo tangu awali. Katika ukanda ambao kahawa inapandwa pande zote mbili za mipaka ya kitaifa, swali hili linahitaji kujibiwa kabla ya usajili.

Pili, masharti ya uzalishaji yasigandishwe. Mwaka 2021 mamlaka za Ufaransa ziliidhinisha aina sita mpya za zabibu kwa ajili ya majina ya Bordeaux na Bordeaux Supérieur, zikiwemo nyeupe za Alvarinho na Liliorila, kutokana na mabadiliko ya tabianchi. Zimeruhusiwa hadi asilimia 5 ya eneo la shamba na asilimia 10 ya mchanganyiko. Jina linalodumu ni lile lenye mlango wa kujirekebisha, nao mlango huo una kipimo.

Tatu, jina bila utafiti ni ganda. Miaka hamsini baada ya sheria ya 1935 ndipo ubora wa mvinyo mweupe mkavu ulipoimarika kwa upana, na msukumo mkubwa ulitoka chuo kikuu kilichokuwa karibu na mashamba. Fedha za usajili zisizoandamana na fedha za maabara na ugani zitazaa lebo nzuri juu ya bidhaa ile ile.

Nne, jina haliahidi soko. Mwaka 2023 serikali ya Ufaransa ilikubali kugharimia ung’oaji wa maelfu ya hekta za mizabibu ya Bordeaux kwa sababu ya mvinyo kuzidi mahitaji. Mkulima mwenye jina linalojulikana duniani naye aling’oa.

8. Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mvinyo mweupe mkavu wa Bordeaux ni zao la Waholanzi waliotaka utamu, madalali walioupuuza mwaka 1855, profesa aliyenyunyizia mrututu, wanasiasa waliochora mpaka, baridi ya mwaka 1956, na watafiti waliofungua siri ya harufu yake. Vyakula vyake vina historia ya namna hiyo hiyo, yenye reli, meli iliyomwaga shehena na mto uliopoteza samaki. Kutambua hayo hakupunguzi thamani ya mvinyo huo wala ya meza yake. Kunarudisha kwa watu kazi iliyokuwa imehesabiwa kuwa ya udongo.

Kwa washauri wa sera, pendekezo letu ni moja. Kila andiko la kusajili jina la kijiografia katika ukanda wetu liambatane na historia ya zao husika iliyoandikwa kwa lugha wanayoielewa wakulima wake, ikieleza ni nini kimebadilika, nani aliachwa nje, na zao hilo linategemea mito, misitu na wazalishaji gani jirani. Andiko la namna hiyo litakuwa kinga dhidi ya mambo mawili: kumwondolea mkulima wa kesho haki ya kubadilika, na kulinda kikombe huku kashata ikitoweka.